Bakuli la Mbegu Zilizobarikiwa

Kabla mvua za Novemba hazijakolea, kanisani kwetu kuna Jumapili ya kubariki mbegu. Kila nyumba inaleta kidogo: mahindi kwenye bakuli, maharage yaliyofungwa kwenye pindo la kitenge, viazi vitatu vinne vilivyoanza kuchipua. Vyote vinapangwa chini mbele ya madhabahu, mchungaji anaviombea, kisha kila mtu anachukua chake na kurudi nyumbani akitembea kama aliyebeba mayai. Nimeiona ibada hiyo tangu nikibebwa mgongoni, na tangu nijue kuongea nina swali moja. Je, zile mbegu zilizobaki nyumbani kwenye gunia?

Nilipomuuliza mama nikiwa mdogo, alinijibu kwa Kibena kwamba nishike bakuli vizuri nisimwage. Hilo halikuwa jibu. Tukifika nyumbani alikuwa anamimina zile za bakulini ndani ya gunia la mbegu, anazamisha mikono mpaka viwikoni na kuchanganya, uso ameugeuzia mlangoni kana kwamba kuna mtu anamsemesha huko. Mimi nilikuwa nainama kuchungulia zimeelekea wapi. Akikoroga mara mbili tu, hujui tena ipi ilikwenda kanisani na ipi ilibaki. Niliona ni uharibifu. Kitu kimeshabarikiwa, halafu unakipoteza makusudi katikati ya wenzake!

Swali likakua pamoja nami. Sasa nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya Makambako, na kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu kwamba ukitaka kujua jambo, tenga, linganisha, andika. Wananiita kwa jina la utani ambalo maana yake ni mtu wa kupekua, na hawajakosea. Mwisho wa wiki na wakati wa likizo nakwenda kwa mama, kijijini upande wa Njombe.

Mwaka juzi nyonga ya mama iligoma. Alipopelekwa hospitalini Ilembula, aliambiwa apumzike, msimu ule asishike jembe. Baba alishatangulia, ndugu zangu wako mbali, kwa hiyo shamba likaniangukia mimi. Si jambo dogo. Shamba lile ndilo chakula cha mama cha mwaka mzima, na mbegu zake ni mahindi ya kienyeji anayoyachagua mwenyewe na kuyatundika juu ya moshi wa jikoni. Hajawahi kuruhusu mtu mwingine ayaguse. Jumapili ile alinikabidhi bakuli, yeye akabaki kwenye kigoda chake, na agizo lilikuwa moja tu.

"Ukirudi, changanya."

Nilirudi. Sikuchanganya.

Naomba nieleweke: sikuwa na dharau. Mungu namwamini, tena naimba kwaya. Nilikuwa na hamu tu ya kujua, ile hamu inayowasha kama upupu. Nikalisukuma bakuli chini ya kitanda, nikaingiza mikono kwenye gunia na kukoroga kwa kishindo ili mama aliyekuwa jikoni asikie. Huo ulikuwa uongo, ingawa sikufungua mdomo.

Mvua ilipokolea, shule zikiwa zimefungwa, nilipanda shamba zima. Zile za bakulini nilizipa mistari mitatu ya katikati, udongo uleule, samadi ileile, nikachomeka vijiti vya mianzi mwanzo na mwisho wa kila mstari. Nikafungua daftari jipya.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, nilivaa gambuti na kushuka na rula yangu. Zote zilichomoza siku moja. Urefu ulikuwa unapishana kidogo sana, leo hizi, kesho zile, nami nikawa naandika huku natabasamu peke yangu. Mama alifurahi. Wanajumuiya walipokuja kusali nyumbani, aliwaambia kwamba binti yake wa chaki amegeuka mkulima wa kweli. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Ndipo wakaja viwavijeshi, na wakaanza na mistari yangu mitatu.

Nilisimama pale nikiangalia majani yaliyotobolewatobolewa, na hofu iliyonipata haikuwa ya mahindi. Nilihofia Mungu asije akaaibika. Naona haya kuliandika jambo hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimwonea huruma. Nikaona akishindwa hapa, mbele ya daftari langu, mimi nitabaki na nani? Nikakimbilia jikoni kuzoa majivu. Nikachanganya na mchanga kwenye kopo, nikawa natia kidogo kidogo katikati ya kila mche, pale jani jipya linapochomoza, na wadudu wengine nikiwatoa kwa kijiti mmoja mmoja. Kesho yake nikaongeza samadi, kwenye mistari ile tu. Daftarini sikuandika kitu. Mwanafunzi wangu angefanya jaribio la namna hiyo ningempa sifuri na kumwita mzazi wake.

Wadudu wakahamia mistari ya jirani. Nikawaona, nikapita. Sikuwa na muda nao, nilikuwa namhudumia Mungu.

Asubuhi moja nikasikia fimbo ikigonga mawe. Mama alikuwa ameshuka taratibu kutoka nyumbani, kitenge begani, akihema. Akaangalia mistari mitatu iliyonawiri, akaangalia na kushoto na kulia, kulikoliwa mpaka majani yakabaki kama nyavu.

"Mbona umetibu hii tu?"

Ningeweza kudanganya, na uongo mmoja nilikuwa nao tayari mdomoni. Lakini alikuwa amesimama kwa fimbo kwenye udongo unaoteleza, na nyonga ile. Nikamwambia yote, bakuli, kitanda, vijiti, rula. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea mahindi yaliyoliwa.

"Na haya ni ya nani?"

Nililia, sijui kama ni kwa aibu au kwa kuwa swali langu la miaka yote lilikuwa limejibiwa na swali.

"Bibi yako alinifundisha nichanganye bila kuangalia," alisema mama. "Mtu akijua zipi ni zipi, anaanza kumsimamia Mungu kazi. Wewe umemsimamia mpaka umesahau tutakula nini."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ila bakuli sijui kama nitakupa tena."

Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana liliniuma. Akaniamuru ning'oe vijiti vyote. Siku hiyo tulivichemshia chai. Kesho yake nilianza na kopo langu la majivu kule ambako hali ilikuwa mbaya zaidi, na sikupumzika mpaka shamba zima lilipopata. Shule zilipofunguliwa, nikawa narudi kila Ijumaa kuendelea.

Najua mnataka kujua mavuno yalikuwaje katika mistari ile. Hata mimi. Wakati wa kuvuna mama alikaa pembezoni mwa shamba, akahakikisha mahindi yote yanatupwa kwenye rundo moja. Yalitosha chakula, hayakutosha kujivunia. Daftari bado ninalo, na kurasa zake za mwisho ni nyeupe.

Novemba iliyofuata nyonga ilikuwa imepata nafuu. Jumapili ya mbegu mama alibeba bakuli mwenyewe, mimi nikamfuata nyuma mikono mitupu, mtu mzima na shahada yangu, nikitamani kitu cha plastiki ambacho hata sokoni Makambako hakina thamani. Tuliporudi aliliweka mezani. Akaburuta gunia la mbegu mpaka miguuni pangu. Nikasubiri amimine.

Nje jirani akaita hodi. Mama akaitikia kwa salamu ya Kibena, "Kamwene," akachukua fimbo yake na kutoka. Mlangoni hakugeuka.

"Changanya," alisema, na akaurudisha mlango nyuma yake.

Nikabaki peke yangu na bakuli, gunia, na chini ya kitanda palepale. Sauti zao zilisogea mbali, kuelekea zizini, mahali ambapo mtu hawezi kusikia mahindi yakikorogwa. Safari hii sikufanya kishindo. Nilimimina, nikafumba macho, nikazamisha mikono mpaka viwikoni na kuchanganya. Kisha, kwa kuwa najijua, nikachanganya tena.