Mwanamke Aliyeomba Sindano Magharibi

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa macho, nimekula, sina homa. Sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Sisi tulitolewa pembezoni mwa mji wa Tabora, tukapangiwa viwanja kwa mstari ulionyooka, na mstari wenyewe ukaangukia juu ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi kutoka Ujiji. Wazee walinung'unika kwamba watu hawajengi juu ya njia. Nani angewasikiliza? Tukajenga.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alifia hospitali, Kitete, akaniacha na gauni la arusi la binti yetu Mwajuma likiwa limekatwa, halijashonwa. Alikuwa amesisitiza kitandani kwamba arusi isiahirishwe kwa ajili yake. Basi ndoa ikapangwa Ijumaa, mjini, kwa baba mdogo wa Mwajuma. Mimi nilikuwa eda, mjane wa kukaa ndani mpaka muda wake utimie, kwa hiyo nisingekwenda. Unanielewa? Mwanangu wa pekee anaolewa, nami niko ndani. Kitu changu ambacho kingekuwepo pale ni kazi ya mikono yangu kwenye lile gauni.

Kitambaa kilipatikana kwa taabu, kingine hakipo. Sindano ya cherehani ilikuwa imevunjika, na madukani hata ukiomba kwa kulia huipati. Nikawa nashona kwa mkono. Niache nikutajie vitu vyangu, maana navipenda mpaka leo. Mkasi mzito wa marehemu, aliokataza usikate karatasi. Tepu iliyofutika namba za mwanzo. Kipande chembamba cha sabuni cha kuchorea, kwa sababu alama yake hutoka kwa maji. Kastabani, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni. Bonge la nta ya nyuki. Ukipitisha uzi wako juu yake haujisokoti wala hauozi upesi. Na sindano nyembamba, moja tu. Nyingine ilikuwa shazia, lile lisindano la kushonea magunia.

Jumatano jua lilikuwa limezama. Nimekaa mkekani karibu na mlango nikitumia mwanga uliobaki, nikasikia hodi.

Alikuwa bibi mwembamba, vumbi mpaka magotini, amejifunga kitambaa kilichochakaa ambacho hakikumtosha.

"Mwangaluka," akasema.

Hiyo ni salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi. Nikaona ni uzee. "Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Naomba sindano."

Sasa, kwetu sindano haitoki nyumbani baada ya magharibi. Hata jina lake halitajwi saa hiyo. Ukiihitaji unasema "kile cha kushonea". Hakuna mwenye duka atakayekuuzia. Inasemekana inaondoka na baraka ya nyumba, na kama kuna bibi arusi, inaondoka na bahati yake. Nami bibi arusi ninaye. Nikaona heri nimpe shazia, labda lile halihesabiki.

Akalitazama. "Hili la magunia. Mimi ni gunia?" Akacheka kidogo. "Kila mlango wananiambia hawana. Kijiji kizima watu wamevaa nguo zilizoshonwa, na sindano hakuna! Haya, na wewe sema huna, niendelee."

Sindano yangu ilikuwa imechomekwa kwenye mkono wa gauni. Nilitaka kusema sina, ulimi ukakataa.

"Ninayo, bibi. Ila ni moja, na gauni la mwanangu linaingoja. Unashona nini?"

"Nguo ya kujifunikia. Nililazwa bila kufunikwa. Wenzangu walikuwa na haraka."

Sikuelewa. Nilielewa tu kwamba anaona baridi na hana nguo. Ndani nilikuwa na bafta iliyobaki kwenye sanda ya mume wangu, nimeikunja, sijui cha kuifanyia. Nikaitoa, nikachukua tepu. "Simama nikupime, bibi."

Niamini ninachokuambia sasa. Nilipoizungusha tepu mabegani mwake, ilibonyea. Umewahi kupima nguo iliyoanikwa kwenye kamba? Ndivyo ilivyokuwa. Mkono wangu haukukuta mfupa, wala nyama, wala joto.

"Umepima vizuri?" akauliza, taratibu kabisa.

"Nimepima, bibi."

Nilitaka kupiga kelele. Na nikuambie kweli, pamoja na hofu yote, nilimwonea huruma. Nikaikata bafta kwa mkasi wa marehemu. Uzi mweupe ulikuwa wa gauni, kwa hiyo nikatunga wa buluu, nikaupitisha kwenye nta. Sindano sikumpa mkononi. Niliilaza mkekani juu ya bafta, kama tunavyofanya kwa kitu chenye ncha.

"Kaa ushonee hapa," nikasema, maana bado nilikuwa naililia sindano yangu.

"Hapa hapafai. Itarudi kabla hujaihitaji."

Akaokota, akaondoka. Wifi yangu Sikitu, dada wa marehemu, aliyekuwa akikaa nami, akatoka uani na mwiko mkononi.

"Wifi, unaongea na nani?"

Nikamweleza. Nje hapakuwa na mtu, na njia imenyooka, unaona mbali.

"Umetoa kile cha kushonea? Saa hizi? Wifi, eda imekupanda kichwani! Ijumaa Mwajuma avae nini, mkeka?"

Nililia, nikalala na gauni kifuani.

Alfajiri nilipofungua mlango nichukue maji ya kutawadha, sindano ilikuwa mkekani, palepale nilipoilaza, na kijiuzi cha buluu kikining'inia. Nilimwamsha wifi. Akaitazama, akaenda kuleta nta. Siku ile nzima ya Alhamisi nilishona, yeye akinipakia uzi nta. Uzi haukujisokota hata mara moja. Ijumaa Mwajuma akalivaa mbele yangu kabla hawajamchukua. Akapitisha mikono kiunoni, akasema, "Mama, kama baba amenipima jana."

Mvua zilipokaribia, wanaume walichimba msingi wa ghala la kijiji, nyuma ya nyumba zetu. Hawakwenda chini sana wakakuta mifupa ya zamani, imekauka kabisa. Lakini ilikuwa imezungushiwa bafta nyeupe, mpya, imeshonwa vizuri. Mimi nilikuwa ningali eda. Alikwenda Sikitu kuangalia. Akarudi, akakaa chini, akavua kanga ya kichwani.

"Wifi," akasema, "uzi ni wako."

Walimfukia upya kwa dua, ghala likasogezwa. Mwajuma mpaka leo yuko na mumewe, na wajukuu ninao. Bahati yake haikwenda popote.

Mimi namshukuru yule bibi kila siku. Mume wangu alioshwa na kuvishwa na wanaume. Sikupiga hata mshono mmoja kwenye nguo yake ya mwisho. Nilikuwa nimekaa ndani na mikono isiyo na kazi, na uchungu hauna pa kutokea. Yeye alinijia, akanipa mtu wa kumkatia nguo. Tangu hapo nililia kama watu wengine, na nikapona kama watu wengine.

Wewe unayeshona nyumbani, nakuonya hivi. Ukiombwa sindano magharibi, siwezi kukuvunjia mila ya kwenu. Ukiogopa, kataa. Sema, "Ninayo, lakini sitoi." Ila usiseme huna. Anayekuomba ameshaiona ulipoichomeka.