Dakika Hamsini za Simikot

Dhankala Rokaya hupima upepo katika uwanja wa ndege wa Simikot. Huu ni mwaka wa kumi na saba, na serikali bado inamwandika kibarua wa muda. Aibu hiyo ni yao, si yake, maana rubani aliyeko Nepalgunj, kule bondeni, haondoki mpaka Dhankala aseme neno. Vitabu vya ofisi vinasema kutoka huko ni kilomita mia mbili, dakika hamsini. Havisemi kwamba kabla ya adhuhuri upepo hupanda kutoka bonde la Karnali na kuufunga uwanja, ndege iwe imefika au haijafika.

Asubuhi moja ya Aprili wanaume wanne walimleta Jaukala kwa machela. Alikuwa amejifungua juzi yake, kondo la nyuma halikutoka, na damu haikukoma. Mhudumu wa zahanati alisema apelekwe hospitali Nepalgunj, tena siku hiyohiyo. Mumewe, Birkha, aliyekuwa amembeba mtoto mchanga, ni mdogo wake Dhankala.

Saa nne kasorobo redio iliita. Kipimo kilionyesha kilomita tisa kwa saa, upepo wa kuanikia nguo. Lakini Dhankala alitazama chini, kwenye kona ya njia ya Kharpunath, akaona vumbi limeinuka. Vumbi likionekana pale, upepo hufika uwanjani baada ya dakika arobaini.

Birkha naye aliliona. Alimsogelea dada yake akamtaka ataje namba ya kipimo basi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa, na wala hatakuwa amedanganya.

"Namba ni ya sasa hivi," Dhankala akasema. "Ndege itatua baadaye."

"Ukinyamaza kuhusu vumbi utapungukiwa nini?"

"Ikianguka hapo mwisho wa uwanja, mkeo atapanda nini?"

"Basi utamzika wewe, dada."

Dhankala alibonyeza redio. Alitaja namba, akataja vumbi, akataja dakika arobaini. Kisha akaongeza:

"Kapteni, mgonjwa ni wifi yangu. Nakuomba uamini vumbi, usinionee huruma."

Birkha alitema mate, akarudi kwenye machela. Hatimaye rubani akajibu kwamba yeye haji. Ila mwenzake alikuwa Surkhet akishusha mchele, na kutoka pale ni kilomita mia moja na hamsini, dakika thelathini na tano. Angemwambia aruke mara moja.

Sisi tuliokuwa uwanjani tulihesabu dakika kwa kutazama mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo juu ya mlingoti. Ulilala. Ukacheza. Dakika ya thelathini ulijaa, ukanywea, ukajaa tena. Machela ilikuwa imelowa damu hadi kwenye kamba.

Ndege ilitua dakika ya thelathini na tisa, na injini hazikuzimwa. Wakampakia Jaukala. Mlangoni Birkha aligeuka, akampa dada yake mtoto, akapanda. Ndege ilipoacha ardhi bawa moja lilizama, likainuka, na ikapotea nyuma ya mlima. Nyuma yake vumbi liliufunika uwanja wote.

Saa saba redio ilisema Jaukala ameongezewa damu na anaongea. Dhankala aliwaomba warudie, kwa sababu mtoto alikuwa analia na hakusikia vizuri.