Kura Iliyopigwa Juu ya Nyonga Yangu

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyoambiwa kwamba nyonga yangu itashika kutu. Nilikuwa kwa kiti cha kinyozi Otieno pale kituo cha Kawangware 56, Nairobi, shingo imefungwa kitambaa, nikijigamba. Miezi michache nyuma nilikuwa nimeanguka kutoka orofa ya mjengo. Wengine husema ilikuwa orofa ya pili, mimi husema ya tisa. Madaktari walitoa kiungo kilichovunjika, pale paja linapoungana na kiuno, wakaniwekea cha chuma. Nilikuwa bado kijana, mwanangu, na nilijiona nusu binadamu, nusu trekta.

Otieno akazima mashine ya kunyoa. "Buda, hiyo chuma waliipaka rangi?"

"Rangi gani tena?"

"Si unaona mabati za hapa? Chuma ikinyeshewa bila rangi inaoza. Kuna jamaa wa Gatina alinyeshewa akienda job. Kumpasua hivi, wakapata ni unga nyekundu tu."

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakatikisa vichwa kama watu waliohudhuria upasuaji huo. Nami nikaamini. Sikuamini nusu, niliamini yote na chenji yake. Tangu siku hiyo, wingu likijikunja tu, nilijifunga nailoni kiunoni chini ya suruali. Nikipita sokoni watu waligeuka wakidhani kuna mtu anafungua mkate. Jirani mmoja akaongeza kwamba mafuta ya supu hushuka hadi kwenye kiungo na kukilainisha, kwa hiyo nikanywa supu ya miguu ya ng'ombe wa kutosha kuanzisha ranchi. Masika yakifika, ningeomba ruhusa ya kutotoka nyumbani hadi Juni kama tumbo lingekubali.

Baadaye kazi ilinipeleka Kibera, nikapanga chumba Makina. Mwenye ploti alikuwa Mama Zuhura, Mnubi aliyezaliwa pale pale kama baba yake. Yeye ndiye aliyenivuta kwenye masomo ya jioni, yale tunayoita ngumbaru. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la nne. Yeye alitaka kusoma meseji za wapangaji mwenyewe, kwa sababu aligundua mjukuu wake anamsomea zile tamu pekee. Tulikaa dawati moja. Mwalimu akiuliza swali, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajalimaliza, hata kama sikuwa na jibu.

Siku ya kupewa vyeti niliiacha nailoni nyumbani. Nilikuwa nimevaa suti, na suti inayopiga kelele kama mkate si suti. Jina langu lilipoitwa, mbingu zikapasuka. Mwanangu, mvua ile ilitosha kuosha Nairobi nzima na kubaki ya Thika. Nikakimbilia chini ya hema. Lakini wanawake wa Kinubi walikuwa wameanza doluka, ngoma yao, uwanjani, hawajali maji, na Mama Zuhura akanishika mkono. "Msomi gani anaogopa maji? Toka huko!" Nikatoka. Nikacheza hadi soli ya kiatu ikaomba msamaha. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, na marehemu mke wangu alilijua hilo na alinisamehe.

Miaka mingi ikapita. Nilirudi Kawangware, mvi zikaingia, na siku moja maumivu yakaanza kinenani nikiinuka. Sikushangaa hata kidogo. Nilijua ni ile kutu ya siku ya vyeti, imefika. Nikanyamaza. Ningemwambia nani kwamba mtu mzima, mwenye cheti, aliharibu mguu wake kwa kucheza kwenye mvua? Binti yangu Nekesa akiuliza mbona nachechemea, nilisema ni kiatu. Nilibadilisha viatu hadi fundi akafikiri nafungua duka.

Nekesa alinipata asubuhi moja nimekaa kwenye stuli, siwezi kuinuka, najifanya nasikiliza redio. Redio ilikuwa imezimwa. Hospitalini tulikutana na daktari wa mifupa, msichana wa umri wa Nekesa, mwenye sauti ya pole na macho yasiyodanganyika. Alitazama picha akasema nyonga imelika na kikombe chake, kile ambamo kichwa cha paja huzunguka, kimelegea. Kisha akaweka njia tatu mezani. Ya kwanza, tuiache, nitumie fimbo na dawa, nirudi kupigwa picha kila mara. Ya pili, wafungue tena, watoe kilicholegea, wajaze mfupa na kuweka kikombe kipya, lakini upasuaji wa kurudia ni mrefu na mgumu kuliko ule wa kwanza. Ya tatu, ya mtu aliyekosa nyingine, watoe kila kitu wasirudishe, mguu ubaki mfupi na magongo yawe ndugu zangu.

"Una swali, mzee?"

"Sina," nikasema. Mimi, mwenye mkono wa kuinuka kabla ya swali! Lakini ningeuliza nini? Sababu nilikuwa nayo moyoni tangu siku ya vyeti.

Sasa unajua watu wetu. Mtu akiugua Nairobi, kabla homa haijashuka, kamati imeshaundwa. Jumapili iliyofuata chumba changu kilijaa watu wa nyumbani. Binamu yangu Shivachi akachaguliwa mwenyekiti, ingawa sijawahi kuona mkutano aliohudhuria bila kuchaguliwa. Palikuwa na maombi ya kufungua, ajenda, na chai. Mimi niliwekwa karibu na mlango ili miguu ya wageni ipite. Wakajadili nyonga yangu kama barabara ya kijijini. Mmoja alisema upasuaji wa kurudia unamwaga damu ya watu wawili. Mwingine alimjua mtu aliyelala mezani hakuamka. Nekesa alijaribu kueleza alichosema daktari, wakamwambia asubiri, wazee wanaongea.

Nikainua mkono.

"Wewe ni mgonjwa," Shivachi akasema, bila ubaya. "Mgonjwa haongei kwa mkutano wa mgonjwa. Wanaosema nyonga iachwe hivyo, na ndugu yetu arudishwe nyumbani akae kwa kiti, watoto wamletee maji?"

Mikono ikainuka yote. Jirani aliyeingia kuomba kibiriti, naye aliinua.

"Umetembea ya kutosha, ndugu yangu," Shivachi akanigeukia, na nikaona machozi yakimlenga. "Sasa pumzika."

Walinipenda, mwanangu. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayekuchukia akikukalisha kwenye kiti, utainuka umpige. Anayekupenda atakuletea na mto wa kuegemea, na hutainuka tena.

Nikasimama. Ilichukua muda, kwa hiyo walipata nafasi nzuri ya kunitazama. "Mheshimiwa mwenyekiti, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona mnagawa mwili? Huu mguu una mwenyewe, na mwenyewe hajapiga kura. Kwa kiti chenu sikai!"

Nilitaka kutoka nikibamiza mlango, lakini palikuwa na pazia tu. Nikalibamiza pazia.

Nikapanda boda boda hadi Makina, yule kijana akiendesha taratibu kama amebeba trei ya mayai. Mama Zuhura alikuwa amekaa nje ya duka lake, goti lake bovu limenyooshwa juu ya kreti ya soda. Nikamsimulia yote, pamoja na pazia. Nilingoja sifa.

"Haya, umegomba," akasema. "Sasa umechagua nini?"

"Nimekataa."

"Sikuuliza umekataa nini. Hata mtoto hukataa uji. Daktari ulimuuliza nini?"

Nikatazama viatu vyangu.

"We Baba Nekesa! Kwa darasa mkono wako ulikuwa juu kama mnara wa simu, hata kwa swali la jometri ambalo hukulijua. Leo ni mguu wako mwenyewe, ndipo umekuwa bubu? Mimi goti langu wamesema lifunguliwe, nikasema hapana. Lakini nilisema hapana nikishauliza mpaka daktari akaomba maji ya kunywa."

Ndipo nikamwambia. Nailoni, Otieno, jamaa wa Gatina, kutu, siku ya vyeti. Nilitegemea acheke hadi kreti ianguke. Hakucheka. Alilishusha goti lake polepole.

"Mimi ndiye nilikuvuta kwa mvua," akasema.

"Nilitoka mwenyewe."

"Nilikuvuta. Nilikushika mkono. Kama nilikuharibia mguu, nataka niambiwe na mtu aliyeuona kwa picha, si kinyozi. Siku ya kliniki tunaenda wote."

Tulienda, mimi na fimbo, yeye na goti, Nekesa katikati akitushika kama mtu aliyebeba mageti mawili. Safari hii niliinua mkono. Nikiiacha, itabaki hivi hivi? Daktari akasema haitabaki, mfupa unaendelea kupungua, na nikija baadaye kazi itakuwa ngumu zaidi. Nikifunguliwa, nini kinaweza kuharibika? Hakuficha: vijidudu, kiungo kuchomoka, miguu kutolingana, damu kuganda, na ndiyo, wapo wasioamka, ingawa si wengi. Moyo wangu je, utastahimili? Wakaupima, akasema anauamini kuliko mguu. Je, nitatembea kama zamani? "Sitakuahidi," akasema. "Nitakuahidi kujaribu."

Nililipenda jibu hilo kuliko mto wa Shivachi. Nikachagua njia ya pili.

Naandika haya begi likiwa limefungwa. Wiki ijayo naingia hospitali. Shivachi bado ana hasira, lakini kamati yake imepanga zamu za kunitembelea, na nimemwambia akifika wodini nitampa yeye kiti. Naogopa? Naogopa sana, usiku wote na robo ya mchana. Lakini hofu hii ni yangu, sikupewa na mkutano. Nikirudi, kuna uwanja Makina unanidai ngoma. Nisiporudi, atakayesema nilipelekwa, mwambie nilikwenda.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Mwili wako ukikufikisha penye njia ambazo zote ni mbaya, usimwachie mwingine achague kwa sababu tu analia. Lakini pia usidhani kupiga kelele ni kuchagua. Mimi nilipiga kelele, na nikatoka nje bila jibu. Uliza. Uliza hata lile swali la aibu, hasa lile, kwa maana ndilo lililokukalia kifuani. Ukishasikia, chagua, na atakayechagua tofauti na wewe usimwite mwoga. Mama Zuhura amebaki na goti lake na hakuna mwoga pale. Na usikubali kamwe kuambiwa umetembea ya kutosha. Ya kutosha utaijua wewe.

Mungu akupe magoti yasiyolalamika, na siku yakilalamika akupe mdomo wa kuuliza. Akupe watu wa kukupenda kwa kelele, na kifua cha kuwajibu. Akuinue kila kiti kitakapokuzoea.

Na lile swali la aibu? Niliuliza. Siku ile ya kliniki nilikuwa nimeshafika mlangoni, lakini Mama Zuhura alisimama katikati ya njia, akakataa kunipisha. Nikageuka. Nikamwambia daktari habari ya kutu yote, na siku ya vyeti, na nani alimvuta nani. Daktari hakucheka. Alituita kwenye ile picha, akaweka kidole.

"Hii chuma haishiki kutu, mzee. Hata ungelala mtoni. Kilicholika ni plastiki iliyo hapa ndani ya kikombe. Imesagika kidogo kidogo kwa sababu umeitumia miaka hii yote, na ule unga wake ndio umekula mfupa."

"Kuitumia ni kufanya nini?" Mama Zuhura akauliza, sauti yake imekuwa ndogo.

"Kutembea, mama. Kupanda ngazi. Kwenda kazini. Kuishi tu."

"Na ile mvua?"

"Mvua ililowesha suti."