Mfuko wa Damu kutoka Kalokol

Niliondoka Lodwar asubuhi kwa sababu gazeti lilitaka habari za kambi ya Kakuma, na gari pekee lenye nafasi lilikuwa la hospitali. Nyuma aliketi Sista Asekon, muuguzi, amepakata kasha la barafu lenye mfuko mmoja wa damu. Redio ilikuwa imeita: ng'ombe dume amemtoboa mtu kifuani upande wa Kakuma, na zahanati ya huko haina damu. Pikapu ya huko ilikuwa imeshaanza kumleta. Asipoongezwa damu njiani, Lodwar hataiona.

Barabarani joto liliyeyusha kila kitu. Milima ilielea. Ngamia walipita mbali, miguu yao ikiyoyoma ndani ya maji ambayo hayakuwapo. Nilisinzia, nikaamka, nikadhani hatujasogea.

Kwenye mto mkavu tulikutana na pikapu. Mgonjwa, Lokai, alilala juu ya ngozi, midomo ya kijivu, pumzi fupifupi. Kaka yake, Ekiru, alieleza: walikuwa wakimtoa dume damu shingoni ili watoto wanywe na maziwa, Lokai alishika pembe, kamba ikakatika.

"Ejok, Sista," alisalimu kwa Kiturkana. "Hiyo damu ni ya nani?"

"Ya mvuvi wa Kalokol, kule ziwani. Ni ile inafaa watu wote."

Ekiru alirudi nyuma. "Mvuvi? Mtu hana hata ng'ombe moja? Ndugu yangu ataamka anatafuta nyavu!"

"Na huyo wako wa pembe amemsaidia nini? Weka mfuko kwapani, baridi iishe. Haraka!"

Aliuweka kwapani, akafumba macho kama anayesali. Kisha Sista akachoma sindano, naye Ekiru akauinua mfuko juu.

Tukamhamishia kwenye gari letu, tukageuza kuelekea Lodwar. Matone yalishuka polepole, mekundu mbele ya jua. Mkono wa Ekiru haukushuka. Miti ya mikoma ya mto Turkwel, karibu na Lodwar, ilipoanza kuonekana, Lokai alifumbua macho.

"Dume iko wapi?"

Ekiru alicheka huku akilia.

Kambi sikuifikia safari ile. Lokai alipasuliwa, akapona. Siku aliyoruhusiwa kutoka, nilimkuta Ekiru langoni akimuuliza Sista njia ya Kalokol.

"Nampelekea huyo mvuvi ile dume," alisema. "Sasa ni mtu wa nyumba yetu. Atakaaje bila ng'ombe?"