Malkia wa Sisimizi Chumbani mwa Yaya

Mwaka ule yaya, kaka yangu mkubwa, aliacha kutoka chumbani. Alikuwa mwalimu wa biolojia hapa Lubumbashi. Mke wake aliugua kwa muda mfupi, akafariki. Baada ya mazishi, yaya alirudi nyumbani kwa mama, akalala akielekea ukutani. Tulimsemesha, tukaomba, mapadri wakaja wakaenda. Wapi!

Mvua ya kwanza ilipokatika, nilitoka na beseni kuokota inswa, wale kumbikumbi tunaowakaanga. Kati yao nikaona mdudu mweusi, mnene, hana mabawa, anatembea kwa haraka kama aliyechelewa. Nikamfunika kwa bilauri, nikampelekea yaya. Sikujua kingine cha kumpelekea.

"Yaya, angaria. Hii iko inswa?"

Aligeuka kutoka ukutani. Akachukua bilauri.

"Hapana. Ona kiuno yake, nyembamba. Na pembe zake za kupapasia zimepinda. Iko sisimizi." Akaisogeza kwenye dirisha. "Unaona hizi alama kwa mugongo? Ni pale mabawa ilikatika. Iko malkia, mudogo wangu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu msiba.

Aliamka mwenyewe kutafuta chupa nyembamba ya dawa. Akatia maji chini, akayazuia kwa pamba, akamwingiza malkia, akaziba mdomo kwa pamba nyingine.

"Atakula nini?" nikauliza.

"Hakuna. Anaishi na nguvu ya mwili wake mpaka batoto ba kwanza bakomale. Sisi tumuache tu kwa giza."

Akaiviringishia chupa kitambaa, akaiweka kabatini. Yalipoonekana mayai, meupe kama chembe za chumvi, aliniita kwa sauti. Siku hiyo alikula bukari, ugali wetu, mezani pamoja nasi. Mama alijifanya anachochea makaa ili tusione machozi yake. Mimi nilianza hata kupanga: atarudi shuleni, atanyoa ndevu.

Mayai yakaanza kupungua. Nilidhani naona vibaya.

"Anayakula," yaya akasema.

"Juu ya nini?"

"Pengine hakupata dume. Pengine anaogopa. Hatuwezi kujua."

"Tumupe sukari kidogo?"

"Mupe."

Nilichovya kijiti katika maji ya sukari, nikakiweka karibu na mdomo wake. Alikigusa kwa pembe zake, akakiacha. Nilijaribu tena asubuhi nyingine, na nyingine. Yaya hakuinuka kutazama. Mwishowe nikamkuta amejikunja juu ya pamba, miguu imekusanyika tumboni.

Nilisimama na chupa mkononi, nikitafuta namna ya kusema.

"Amekufa," yaya akasema. Hakuwa ameangalia.

"Tutakamata mwingine, yaya. Mvua bado iko."

"Acha, mudogo. Funga mulango."

Niliufunga, nikabaki nje nikisikiliza. Kitanda kililia mara moja alipogeukia ukuta, basi. Mama aliporudi sokoni alinikuta bado nimesimama pale. Alitua kapu lake chini, akaketi sakafuni.