Santuri Mbili za Muziki Mmoja

Harufu ya karatasi iliyorowa bado hunibana kifua. Nyumbani kwetu Kiponda, Unguja, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, mama alikaa jikoni na beseni la maji akibandua karatasi za katikati ya santuri, zile zenye majina, huku akifukiza udi ili jirani asije akauliza kuna nini. Santuri zilikuwa tatu. Moja ya taarab, na mbili za muziki mmoja wa Kizungu, piano ikiongoza na okestra ikiitikia. Hizo mbili baba, karani wa bandarini, aliachiwa na mwalimu wake, mtu wa Goa, alipohama. Siku hizo muziki huo uliitwa wa kikoloni, na baba mmoja wa mtaa wa pili alikuwa keshachukuliwa kwa sababu ya vitabu tu, na hakurudi. Mama akazitia zote kwenye majalada ya taarab, mengine ya santuri za zamani zilizokwisha kuvunjika. "Haya, nani atajua sasa?" akasema. Kosa lake ni kwamba kwa hofu aliibandua hata ile ya taarab yenyewe, zikawa zote nyeusi, hazina jina.

Kuzitambua tuliweza mimi na baba tu. Kila alasiri akitoka kazini tulifunga madirisha, jasho likitutiririka, tukazisikiliza kwa sauti ndogo, moja baada ya nyingine. Katika ya kwanza mpigaji alikuwa mwanamume, fundi mwenye haraka, okestra ikihema kumfuata. Ya pili ilipigwa na mwanamke. Okestra ikinyamaza, naye hunyamaza kidogo kabla ya kugusa piano, nami hushika pumzi nikidhani kasahau. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wallahi. Nilipomuuliza baba kwa nini tuwe na mbili za kitu kimoja, alicheka. "Maulidi si yale yale? Mbona msomaji huyu unamkimbilia, yule unasinzia?" Akanifundisha kuziinamisha kwenye mwanga: penye kishindo mistari hung'aa, penye upole huwa myeusi. Ya mwanamke ilikuwa na mkanda mpana mweusi katikati. Ya taarab iling'aa mwanzo hadi mwisho, maana waimbaji wetu, jamani, hawajui kupumzika!

Siku moja tukasikia hodi, wakaingia vijana wawili wa serikali wenye sura za kazi. "Shikamooni," nikasema. "Marahaba," akajibu mmoja kwa mazoea, kisha akakunja uso kama aliyejuta. Mwenzake akasema, "Tumeambiwa humu mnapiga muziki wa wakoloni." Mama akawaonyesha majalada. "Taarab tu, mwanangu." Yule kijana hakuyatazama hata kidogo. "Basi pigeni tuisikie."

Miwani ya baba ilikuwa imevunjika wiki ile. Alinyoosha mkono kwenye santuri, akaurudisha. "Zuhura!" "Naam, baba." "Wapigie wageni." Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua vizuri kwamba nikikosea wataondoka na baba yangu. Nikazielekeza dirishani nikijifanya napangusa vumbi. Niliyoanza nayo ilikuwa na mkanda mpana mweusi, ile ya mwanamke, nikaiweka kando. Zikabaki mbili, zote zinang'aa. Ndipo nikakumbuka kwamba hata yule mwenye haraka, karibu na mwisho, okestra humwacha peke yake akapiga polepole kwa muda mfupi. Nikatafuta, nikauona mstari mweusi mwembamba kama uzi. Nikaiacha hiyo, nikaiweka ya tatu. Sindano ikakwaruza, kisha zikatoka fidla na sauti ya bibi anayemlalamikia mpenziwe. Vijana walikaa wimbo mzima, mmoja akipiga mguu chini, wakanywa maji wakaondoka.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mama akasema, machozi yakimtoka. "Zivunjwe hizo." Baba akaomba ibaki moja, wakabishana, mama akakubali. Kisha baba akanigeukia. "Chagua wewe, mwanangu. Leo wewe ndiye uliyeniokoa." Nikachagua ya mwanamke, papo hapo. Baba akaishika ile nyingine, akaikunja gotini mpaka ikakatika.

Miaka ilipita, baba akafariki, na siku ya arubaini yake ndipo mama aliponiambia kwamba ile aliyoivunja ndiyo aliyokuwa akiipenda. Nilimfokea mama yangu mbele za watu. Kwa nini baba hakusema? "Keshakwambia uchague," akanijibu, "angekunyang'anyaje tena?" Leo muziki ule umo kwenye simu yangu, umepigwa na watu sijui wangapi, na wajukuu wanaupiga kwa sauti hadi barabarani, hakuna anayebisha hodi. Wao husikiliza dakika moja wakahama. Mimi nilitafuta miezi mpaka nikampata yule mwanamume; nilimjua kwa haraka yake. Kila Ijumaa baada ya kumwombea baba dua humsikiliza mpaka mwisho, kwa niaba yake, nikalia, wala sioni haya. Na bado, Mungu anisamehe, naona yule mwanamke ndiye anayejua kupiga.