Mama Kapinga na Kidonge cha Mangaribi

Kwa kulala, mtaa mzima wa Bel-Air haukuwa na fundi kama Mama Kapinga. Mvua ipige mabati, jirani afungulie redio kama mwenye baa, yeye anakoroma tu. Miaka sitini na nane ya usingizi mnono, halafu, wiki tatu sasa, hakuna. Mara nne, mara tano kwa usiku anatoka na kitenge kichwani na simu inayomulika, anavuka lupango, ule ua wa wote, kwenda chooni. Akirudi, moyo unamdunda kama mtu anatwanga majani ya sombe. Alalie kushoto, moyo unamsumbua; kulia, nyonga.

Gracia, mpangaji wa chumba cha nyuma, alikuwa anahesabu safari zile. Siku moja Kaku, yaani bibi, alinyoosha mikono ampokee mtoto Abigaël, Gracia akageuka.

«Ngoja kwanza, Kaku. Iko na usingizi.»

Na mtoto macho kodo!

Alhamisi Gracia akasema: «Kaku, siku ya posho bamama ba maombi batakuya kukesha hapa.»

«Kuombea nani?»

«Ule anatembeaka mu lupango usiku.»

Neno lenyewe hakulisema. Lakini mwanamke mzee akiitwa mulozi, mchawi, ndani ya lupango, nani atamsalimia tena? Zilibaki siku mbili hadi hiyo siku ya posho, Jumamosi.

Mama Kapinga akakimbilia zahanati siku ile ile. Munganga Symphorien alimfunga kitambaa cha kupimia mkononi, akakunja uso. Presha ilikuwa juu.

«Kaku, dawa unakunywaka?»

«Kila siku! Mangaribi, nikimaliza bukari.»

«Wiki tatu zilizopita, nilipokupa, nilikuambia asubui.»

«Asubui niko na chai na mukate. Dawa kali vile, utaiweka juu ya mukate? Itanitoboa tumbo!»

Usicheke, mama yako naye ndivyo afanyavyo. Kwetu mkate unasalimia mdomo tu, chakula ni bukari, ugali wetu.

Symphorien akashika kiuno. «Kaku yangu, ile kidonge kazi yake ni kutoa maji mu mwili. Ukiinywa mangaribi, maji inakuamusha usiku. Na moyo ya mama wa miaka yako inaomba usingizi sawa vile inaomba dawa. Ukilala vipande-vipande, presha haishuke.»

«Mukate, hapana.»

«Basi kula bukari asubui!»

Alikuwa anatania. Bibi hakuwa anatania. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi mwiko ulikuwa unageuza bukari, mboga za lenga-lenga za jana pembeni, kisha kidonge. Mchana alipita mbele ya mlango wa Gracia kwenda chooni, kichwa juu kama mke wa gavana. Usiku wake akaamka mara mbili. Mara mbili bado ni nyingi.

Jumamosi, baada ya bukari ya asubuhi na kidonge, alishinda akizunguka tu. Jioni wamama watano walitandika mkeka wakitazama mlango wake, wakaanza kuimba. Ndani, Mama Kapinga alijilaza amekaza macho. Nikitoka leo, nimekwisha. Alisikiliza kibofu, akasikiliza moyo, akasikiliza kibofu tena. Wimbo wa saba, wa nane... Usingizi ukamkamata katikati ya aleluya, mdomo wazi.

Nje, wamama walingoja. Walimaliza termosi mbili za chai. Na chai, unaijua: mmoja akaenda chooni, wa pili, wa tatu, wakarudia.

Kulipokucha wengine walikuwa wamekwenda zao. Mama Kapinga alifungua mlango na sufuria mkononi, akamkuta Gracia peke yake kwenye mkeka, macho mekundu, mtoto mgongoni.

«Kaku, umelala?»

«Nimelala. Ila kuko bantu balitembea mu lupango usiku muzima. Baliniamusha mara moja.»

Gracia akainama. «Ilikuwa siye benyewe.»

Bibi angeweza kulitoa lile neno, lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi. Akaweka sufuria chini.

«Leta mutoto. Wewe enda ulale. Usizoeshe moyo yako kukesha.»

Gracia alifungua kitenge polepole, akampa Abigaël. Ila kulala hakwenda. Alisimama hatua tatu tu, anapiga miayo, anawatazama.